Nilivyoacha kusema "I didn't went"

Kingereza nilikuwa nakimudu kwenye makaratasi tu, nilivyoanza kazi ya mapokezi hotelini Arusha ndo nikajua sijui kitu. Siku moja mgeni anamtafuta mkewe, nikamwambia "she has worn a red jacket", jamaa akabaki ananiangalia kama anasubiri nimalizie. Kichwani kwangu nimeshasema amevaa jaketi jekundu, sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni hiyo -me-. Shule tulishikishwa kwamba -me- ni "have", basi tukaenda nayo hivyo hivyo, kumbe amevaa, amekaa, amelala zetu zinaeleza hali aliyonayo mtu muda huo, na mzungu hapo anasema "is wearing", "is sitting", "is asleep". Halafu ukishataja jana ndo "have" haikai kabisa, sisi nimemwona jana inapita freshi tu, yeye ni "I saw".

"Did" nayo ilinitesa sana. Kilichoniokoa ni kiswahili chenyewe: nilienda ukikanusha inakuwa sikuenda, si unaona -li- imeondoka? Na wao vivyo hivyo, "did" ikiingia "went" inarudi kuwa "go". Toka nilivyoliona hilo sikosei tena, labda niwe na usingizi wa shifti ya usiku.

Vihusishi sasa, hapo ni vita. Sisi -ni inamaliza kazi yote, mezani, nyumbani, kituoni, wao lazima uchague "on the table", "at home", "at the station". Na vingine sisi vinamezwa ndani ya kitenzi, nieleze, nisikilize, ndo maana nilikuwa naropoka "explain me" na "listen me" bila hata aibu. Listi za vihusishi nilikariri, siku mbili zote zimeyeyuka. Nikanunua kaunta buku, kila kitenzi nakiandika na mkia wake kama neno moja, dependon, waitfor, marriedto, hii ya mwisho nilikuwa naitilia "with" kwa sababu ya kuolewa na, halafu chini yake sentensi ya mambo yangu mwenyewe, sio zile za John na Mary. "Discuss" nikaichorea msalaba mwekundu mbele, haitaki "about".

Saivi kinachonisumbua ni wikiendi. Waingereza wanasema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend", so nachungulia pasipoti kwanza.