Unarudi chuo Marekani? Safisha faili la zamani kabla ya kugusa FAFSA

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, si ngumu. Ipo studentaid.gov, ni bure, na anayekudai dola 50 akujazie anakula tu hela yako. Mtu anayerudi darasani baada ya miaka mingi hukwamishwa na rekodi aliyoiacha nyuma, na bahati mbaya wengi huigundua Agosti, ada ikiwa imeshadaiwa.

Kwanza deni. Fungua akaunti yako hapo hapo studentaid.gov utazame mikopo yote ya serikali uliyowahi kuchukua. Mkopo uliokaa siku 270 bila kulipwa huingia hali ya default, yaani umeshindwa kuulipa, na ukiwa humo hupati ruzuku wala mkopo mpya. Kuna njia mbili za kutoka. Unaweza kulipa kwa wakati mara 9 ndani ya miezi 10 mfululizo, kwa kiwango kinachopimwa na kipato chako, au kuuunganisha mkopo huo kuwa mkopo mpya wenye malipo yanayofuata kipato. Kama masomo yanaanza karibuni, njia ya pili ndiyo ya haraka.

Kisha alama. Ili uendelee kupata msaada, vyuo vingi vinataka wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.0 na uwe umemaliza asilimia 67 ya krediti, yaani vipimo vya masomo, ulizojiandikisha. Hapa W, alama ya somo ulilojiondoa, huwaponza watu: haishushi wastani, lakini inahesabiwa kama somo ulilojaribu usilimalize. Aliyejiandikisha krediti 24 akaacha 12 yuko asilimia 50, na hata akae nyumbani miaka kumi, hesabu hiyo inamsubiri pale pale. Dawa yake ni rufaa kwa ofisi ya misaada ya kifedha, yenye mambo mawili: kilichotokea wakati ule, na kilichobadilika sasa, kila kimoja na karatasi yake. Barua ya hospitali, cheti cha kifo, ratiba mpya ya kazi. "Nilikuwa na matatizo ya kifamilia" peke yake haifiki mbali. Ukihamia chuo kingine, krediti zako wanazozikubali huhesabiwa kuwa zimejaribiwa na kumalizwa, kwa hiyo wakati mwingine chuo cha jamii (community college) kilicho jirani kinakupa mwanzo mwepesi kuliko kule ulikoanguka.

Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa kama mkopo, ambayo kwa mwaka wa masomo 2026–27 haizidi dola 7,395, ina kikomo cha maisha: asilimia 600, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Ulichotumia zamani kimo kwenye akaunti yako. Na hili linawahusu sana waliosomea nyumbani: mwenye shahada ya kwanza hapati Pell, na shahada ya Dar es Salaam au Lubumbashi kwa kawaida inahesabika hata kama mwajiri wa Marekani haitambui. Usiifiche kwenye fomu. Mikopo bado unaweza kuomba.

Kuhusu wazazi: ukiwa na miaka 24, au umeoa au kuolewa, au una mtoto unayemlipia zaidi ya nusu ya matunzo yake, hujazi kipato chao. Kwa 2026–27 lazima uwe umezaliwa kabla ya 1 Januari 2003. Wakimbizi wengi karatasi zao zimeandikwa 1 Januari, basi aliyeandikiwa 1/1/2003 amekosa kwa siku moja, na kama hana sababu nyingine fomu itamdai taarifa za wazazi. Jina na tarehe unazojaza zifanane herufi kwa herufi na rekodi za Social Security, idara ya hifadhi ya jamii. Majina yaliyogeuzwa, la baba likakaa mahali pa la kwanza, huzuia akaunti kuthibitishwa.

Fomu ya 2026–27 inatazama kodi za 2024. Ukikataa kuruhusu IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, itume taarifa hizo, hupati msaada wa serikali kuu, hata kama mwaka ule hukupata kitu. Ikiwa kipato kimeporomoka tangu hapo, umepunguziwa saa au umeachishwa kazi, jaza ukweli wa 2024 kwanza, halafu uombe chuo kikupitie upya, ukiambatanisha barua ya mwajiri na hati za mshahara za karibuni. Ofisi ina mamlaka ya kurekebisha takwimu. Haitafanya hivyo usipoomba.

Ulizia pia mipango ya jimbo lako kwa watu wazima. Tennessee Reconnect inalipia ada ya chuo cha jamii kwa wasio na shahada; Massachusetts ilianzisha MassReconnect mwaka 2023 kwa wenye miaka 25 na kuendelea. Yote inadai FAFSA, na tarehe za mwisho za majimbo huja mapema kuliko ile ya serikali kuu.

Ukishapata msaada, chunga mzigo wa masomo. Mikopo inataka angalau nusu ya masomo kamili, kwa kawaida krediti 6. Na ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula, yaani wiki ya 9 katika muhula wa wiki 15, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini na chuo kinakutumia ankara ya pengo hilo. Kama kazi imekubana, zungumza na ofisi ya misaada kabla hujabonyeza kitufe cha kujiondoa.