Picha za wanangu kwenye kuta za Bukavu

Ingia katika sebule nyingi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, utakuta picha zilezile: harusi ya wenye nyumba, mmoja wao akiwa na joho la chuo, kalenda ya parokia, na watoto katika nguo nyeupe za komunyo, macho yamewatoka kama wanangoja sindano. Sina ugomvi na picha hizo. Ila nilitaka wanangu waonekane pia walivyo siku za kawaida, wakichambua maharage, wakirudi bombani na bidoni, wakigombania kiti. Kamera sina. Nina simu, na nina kuta zinazolia maji msimu wa mvua.

Kwanza nilihangaika na mwanga. Huku karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini: paji la uso linang'aa, macho yanazama kivulini. Basi mchana napigia picha mlangoni. Mlango uko wazi, mtoto anakaa ndani, hatua moja kutoka kizingiti, akitazama nje, nami niko uani nimeelekea kwake. Mwanga unamfikia bila jua kumchoma, na giza la chumba nyuma yake linameza ndoo, masufuria na vyote ambavyo mke wangu hataki vionekane. Jioni, jua linapoelekea kuzama, tunaweza kutoka nje bila shida, lakini ni kwa muda mfupi. Huku usiku hauchelewi. Flashi nimeizima kabisa, inapausha ngozi zetu na kuzifanya zing'ae kama zimepakwa mafuta ya kula.

Napiga magoti, simu iwe sawa na macho ya mtoto. Simwambii acheke. Nampa kazi, au namkuta nayo, halafu nangoja mpaka asahau kwamba nipo. Kitindamimba husahau upesi. Mkubwa, ambaye sasa ni msichana anayejitambua, hasahau kamwe, kwa hiyo naye tumepatana: hakuna picha yake itakayotundikwa mgeni anapoweza kuiona kabla mwenyewe hajakubali. Ameshakataa nyingi nilizozipenda. Ni haki yake.

Upinzani mkali ulitoka kwa mama yangu, ambaye watoto humwita Koko. Aliona picha ya mjukuu wake yuko peku, magoti yamejaa udongo, akaniuliza: "Wewe, hii utaitundika ukutani? Watu watasema hatumvalishi mtoto!" Sikubishana naye. Jumapili baada ya misa niliwapanga wote kwa viatu na mikanda, Koko akakaa katikati na kitenge chake kizuri, na picha hiyo ndiyo inayomtazama mgeni anapoingia. Baada ya hapo kuta nyingine zikabaki zangu.

Kuhusu kuchapisha, nilijifunza mengi kwa kijana wa studio. Usimtumie picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu inapunguzwa ili ipite haraka, na kwenye karatasi kubwa itaonekana. Itume kama dokumenti, au mpelekee kwenye flashi diski. Picha ya nukta (pikseli) 4,000 kwa 3,000 inatosha vizuri karatasi ya sentimita 20 kwa 30. Tatizo jingine ni umbo: picha ya simu ni 4 kwa 3, karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3 kwa 2. Mashine ikiijaza karatasi yote, lazima ikate mahali, na kama simu ilikuwa imelazwa, mara nyingi ni nywele za mtu au miguu. Sasa naacha nafasi juu na chini ninapopiga hivyo, au namwomba aache ukingo mweupe.

Kutundika ndiko kulikonitoa jasho. Mvua hapa huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na nyumba yetu, kama nyingi za mji huu wa vilima, imechimbwa kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Ukuta huo hautundikwi kitu. Picha ziko kwenye kuta za ndani zinazotenganisha vyumba, tena mahali ambapo jua la dirishani halifiki, maana jua hupausha rangi. Seremala wa jirani alinitengenezea fremu kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi zake. Katikati ya picha na kioo kuna ukanda wa kadibodi, kwa sababu picha ikigusa kioo wakati wa unyevu inanasa, na ukiivuta inachanika. Kwenye pembe za nyuma nimegundisha vipande vya kandambili iliyokatika, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Juu ya vitanda hakuna kioo hata kimoja. Aliyekuwa Bukavu Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipotikisa mji, hahitaji kuelezwa. Chumbani kwa watoto nimefunga kamba tu, usawa wa vifua vyao, na picha zinashikwa na vibanio vya nguo. Wanazihamisha wanavyotaka. Kuna wiki nzima mbuzi wa jirani alikaa katikati yetu wote.

Tarehe na mahali naandika kwenye ubao wa nyuma wa fremu, si kwenye picha yenyewe, kwani wino hupakaza na kalamu ikikandamizwa huacha alama upande wa mbele. Nakala ya pili ya kila picha nampelekea shangazi yao Uvira, kwa sababu katika miji yetu mtu anaweza kulazimika kuondoka akiwa na mtoto mgongoni na begi moja tu. Shangazi amezipokea zote kwa furaha, ila sasa anadai fremu pia, na gharama za seremala anasema ni za kwangu.