Fosfeti ilikuwa imejificha kwenye mawe

Kila mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Forest, Mbeya, ataangalia tenki, ataonja maji kwa kidole, halafu atauliza, sasa kwa nini uhangaike na maji ya chumvi huku milimani wakati ukishuka Kyela tu Ziwa Nyasa limejaa samaki wa rangi zote na maji yake hayana chumvi. Swali lao ni la haki kabisa, mbuna ni samaki wazuri na kama ndo unaanza nitakuambia uanze nao. Ila mimi nilipenda matumbawe tangu siku nilipozamia na miwani pale kisiwani Mbudya, nikapanda basi kurudi nyumbani kilomita zaidi ya 800 nikiwaza hayo hayo tu.

Leo nataka kuongelea fosfeti, kirutubisho chenye fosforasi ambacho mwani unakila. Imenitesa karibu mwaka mzima, na kuna wenzangu wawili watatu wanaoanza ambao naona wanaenda kuangukia shimo lile lile.

Tenki langu ni la lita 200. Mawe nilinunua kwa jamaa wa Dar aliyekuwa anavunja tenki lake, kilo 25 makavu, bei nzuri, nikashukuru Mungu. Yale mawe ni mifupa ya matumbawe ya zamani, yaani kalsiamu kaboneti, na kitu ambacho sikukijua ni kwamba kalsiamu kaboneti inashika fosfeti. Yakikaa miaka kwenye maji yenye fosfeti nyingi yanajaa, ukija kuyaweka kwenye maji safi yanaanza kuiachia taratibu, na hayaachi mpaka maji na mawe viwe vimelingana. Kwa hiyo nilinunua mawe na deni la mtu mwingine lililokuwa ndani yake.

Mwezi wa tatu mwani wa nywele ukaanza. Mwanzoni vishungi viwili vya kijani nyuma ya jiwe kubwa, baada ya wiki mbili mawe yote yamevaa manyoya, vipandikizi vyangu vya zoanthidi, ndugu wa matumbawe wasio na mfupa, havifunguki kwa sababu mwani umevifunika. Nikapima fosfeti, ikasoma 0.02 ppm, yaani sehemu za milioni. Nikasema mbona hakuna, tatizo litakuwa taa, nikapunguza taa, nikahangaika na taa mwezi mzima bure! Ukweli ni kwamba mwani ulikuwa unaila fosfeti ile ile inapotoka tu kwenye jiwe, kwa hiyo kwenye maji haionekani. Ni kama kuchungulia sufuria saa nne usiku ukaikuta tupu, ukasema nyumba hii hawapiki. Kama tenki lina mwani mwingi na kipimo kinasoma karibu na sifuri usikiamini, angalia mwani, huo ndo kipimo chako.

Nikakaa Jumamosi nzima nang'oa kwa mkono na mswaki, ndoo nzima. Wiki iliyofuata nikapima tena, kale kamashine kangu ka kupimia kakasoma 190. Hapa wengi wanachanganyikiwa: vile vimashine vya bei ya kati vinasoma fosforasi kwa sehemu za bilioni, sio fosfeti. Zidisha mara 3.066 halafu gawa kwa 1000. Kwangu ikawa 0.58 ppm. Kwenye miamba ya matumbawe baharini mara nyingi iko chini ya 0.03, na kwenye tenki la nyumbani watu wengi wanalenga kati ya 0.03 na 0.1. Ikizidi sana mwani unashamiri, na matumbawe magumu yanapata shida kujenga mifupa kwa sababu fosfeti inazuia kalsiamu kaboneti isijiunde vizuri.

Jirani yangu ni mzee anayelima mahindi na viazi kule Uyole. Siku moja kaja, nimemwamkia, akaniuliza napima nini, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, si ndio hiyo iliyomo kwenye DAP?" Ndiyo mzee, ile 46 kwenye mfuko ulioandikwa 18-46-0 ndo fosfeti, mbolea ya kupandia. Akaendelea kunisimulia shamba lake la udongo mwekundu ambalo ukiweka DAP ya kawaida mahindi hayaoni kitu, akasema udongo unakula mbolea. Nilisimama pale na kipimo mkononi, maana ndo hicho hicho ninachonunua kwa hela! Udongo mwekundu una chuma na aluminiamu nyingi na ndizo zinazokamata fosfeti isitoke. Zile punje za kahawia tunazoziita GFO ni oksaidi ya chuma, kwa lugha nyepesi kutu, unaziweka kwenye filta maji yanapita, chuma kinakamata fosfeti. Mkulima anapigana na kitu ambacho mimi nakilipia.

Sasa kosa langu kubwa lilikuja hapo. Nikamimina GFO kikombe kizima mara moja. Siku ya nne fosfeti ikawa haisomeki, nikafurahi sana. Siku ya sita Acropora yangu, tumbawe gumu la matawi, ile iliyosafiri usiku kucha kutoka Dar ndani ya deli, ikaanza kupauka, halafu nyama ikawa inabanduka kutoka chini kwenda juu, inaacha mfupa mweupe. Vilikufa vipandikizi vinne ndani ya wiki moja. Matumbawe yanahitaji fosfeti, ni chakula, ukiishusha kwa kasi namna ile yanashtuka. Na juu ya hapo mchanga ukafunikwa na ute wa kahawia wenye mapovu, dainoflajeleti, yaani vijidudu vya jamii ya mwani, ambao hupenda sana tenki ambalo virutubisho vimefika sifuri. Mwani wa nywele unaung'oa kwa mkono, wale huwezi. Nikatoa GFO yote, na ndani ya siku kumi kipimo kikarudi 0.3 maana mawe bado yalikuwa yamejaa. Hapo ndo nikaelewa kwamba nilikuwa nasafisha maji wakati mzigo uko kwenye jiwe.

Kubadilisha maji peke yake nako hakukusaidia, ukitoa asilimia 10 umetoa asilimia 10 ya kilichomo majini, kesho jiwe limeshajaza. Kusuuza kamba wa kugandishwa kabla ya kulisha, nafanya, ila inasaidia kidogo sana, fosfeti nyingi iko ndani ya nyama yenyewe, bora upunguze kiasi unacholisha. Na kuna mtu alinishauri nitumie maji ya mvua maana Tukuyu inanyesha bila kukoma, tafadhali usifanye hivyo, maji yaliyopita kwenye bati yanabeba zinki na konokono na matumbawe hawaiwezi. Mimi natumia maji yaliyochujwa kwa RO na DI, yaani utando mwembamba halafu resini ya kuondoa madini, mpaka mita ya kupima madini isome sifuri.

Kilichofanya kazi ni taratibu. Vijiko viwili tu vya GFO, nabadilisha kila wiki, nikiona imeshuka haraka napunguza. Na kwenye sampu, kile kitenki cha kuchujia chini ya tenki, nikaweka Chaetomorpha, ule mwani unaofanana na nyuzi za kamba ya katani zilizochanganyikana, nikawasha taa yake usiku wakati tenki la juu limezimwa. Unakula fosfeti, kila baada ya wiki mbili navuna konzi kadhaa natupa, na fosfeti inatoka nao. Kwa huku kwetu ile taa ya usiku ina faida nyingine kubwa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Usiku mwani wote kwenye tenki unavuta oksijeni badala ya kuitoa, alfajiri nilikuwa nakuta samaki wamepanda juu wanahema, ukijumlisha na umeme kukatika ndo kabisa. Sasa Chaetomorpha inatoa oksijeni saa zile zile ambazo tenki linahitaji.

Imechukua miezi mitano kutoka 0.58. Mwani wa nywele haukufa siku moja, ulianza kuwa mfupi, kisha mweupe kwenye ncha, konokono wakamalizia. Mwezi uliopita nimepokea kipande kipya cha Acropora, nimekibandika pale pale kile cha kwanza kilipofia. Jana usiku kipimo kimesoma 26, yaani 0.08, wiki ya sita inacheza hapo hapo, na kile kipande kimeanza kuota ncha nyeupe mpya kama milimita mbili hivi.