Kumbukumbu ya Mradi: Safu Mbili za Loki

Februari

Karatasi nzito za kuchorea zimeunganishwa kwa gundi upande wa nyuma hadi zikawa utepe mmoja mrefu, na mstari wa penseli umepita katikati yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Safu ya juu itamwonyesha Loki, mungu mjanja wa masimulizi ya kale ya Skandinavia, yale yaliyoandikwa na Snorri Sturluson kule Aisilandi yapata mwaka 1220, pamoja na mashairi yaliyohifadhiwa katika Codex Regius, hati ya ngozi ya karne ya 13 ambayo Denmark iliirudisha Reykjavík mwaka 1971. Safu ya chini itamwonyesha Loki wa filamu za Marvel, kampuni ya Marekani ya katuni na filamu za mashujaa, aliyeigizwa na Tom Hiddleston kuanzia mwaka 2011. Picha za safu hizo mbili zitakaa mkabala, jozi kwa jozi.

Ninachotaka mtazamaji akione ni jambo lililonishughulisha tangu tamthilia ya Loki ilipofikia mwisho wake Novemba 2023. Watu husema kwamba filamu zimemtakasa mungu mwovu, nami naona zimefanya kubwa kuliko hilo, yaani zimemgeuzia njia. Loki wa kale anaanza akiwa mwenzi wa miungu na kuishia kuwa adui yao. Loki wa filamu anaanza akiwa adui, anapita katika hali ile ya katikati ambapo hatumwamini lakini tunamtakia mema, kisha anaishia kuwa mlinzi. Kwa hiyo safu ya juu itatiwa wino mwepesi mwanzoni na kuzidi kukolea kuelekea kulia, na ya chini itaanza na weusi na kufunguka polepole.

Machi

Picha za mwanzo za safu ya juu zimekamilika kwa penseli, na zote zinamwonyesha Loki akiwa kero yenye faida. Hapa yeye si mwana wa Odin, mkuu wa miungu, wala si ndugu wa Thor, mungu wa radi. Ni mtoto wa jitu Fárbauti na mama aitwaye Laufey, na anakaa na miungu kwa sababu yeye na Odin walichanjiana damu zamani. (Katika filamu jina la Laufey limepewa baba, mfalme wa majitu ya barafu.)

Kisa nilichokipa nafasi kubwa ni cha nywele za Sif, mke wa Thor. Loki anazikata kwa utukutu tu, Thor anamkamata na kutaka kumvunja mifupa, na Loki, ili ajinusuru, anakwenda kwa mbilikimo wahunzi na kupata nywele mpya za dhahabu, merikebu inayokunjwa kama kitambaa, na mkuki wa Odin. Hatosheki. Anaweka dau la kichwa chake kwa mbilikimo wengine, Brokkr na nduguye, kwamba hawawezi kutengeneza vitu bora kuliko hivyo, halafu anawahujumu: nzi anatua kwenye kope ya Brokkr na kumng'ata wakati nyundo ya Thor ingali motoni, mvukuto unasita kidogo, na nyundo inatoka na mpini mfupi. Hata hivyo inatoka, na ndiyo silaha itakayowalinda miungu dhidi ya majitu. Loki anaposhindwa dau anajitetea kwamba aliahidi kichwa bila shingo, basi Brokkr anamshona midomo.

Midomo hiyo nimeichora kwa kufuata jiwe lililookotwa mwaka 1950 ufukweni karibu na Snaptun, Denmark, ambalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Moesgaard, Aarhus. Ni jiwe la tanuri la mhunzi, lililochongwa yapata mwaka 1000, lenye tundu la kupitishia ncha ya mvukuto ili isiungue, na juu ya tundu hilo kuna uso wenye masharubu yaliyojikunja na alama za makovu zinazokatiza mdomo. Kwa sababu ya makovu hayo wataalamu wengi huutambua uso huo kuwa wa Loki. Hauna pembe. Kofia ya pembe ndefu ambayo leo kila mtoto anaitambua ni ya wachoraji wa katuni za Marekani, kwa hiyo katika safu ya juu Loki atabaki kichwa wazi hadi mwisho.

Mei

Kati ya safu hizo mbili nimeacha nafasi nyembamba kwa ajili ya Oktoba 1962, wakati Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby walipomleta Loki kuwa adui wa Thor katika toleo la 85 la jarida la katuni la Journey into Mystery. Nilikuwa nimepanga kuipita hatua hii haraka, lakini baada ya kulisoma toleo lenyewe nimeongeza picha mbili.

Katika toleo hilo Loki amefungiwa ndani ya mti kwa adhabu, na hawezi kutoka hadi mtu atoe chozi kwa ajili yake. Anaona Heimdall, mlinzi wa miungu, anapita, analiangusha jani likamwingia jichoni, jicho linatoa chozi, na mti unamwachia. Anayeyajua masimulizi ya kale ataona hapa kisa cha Baldr kimepinduliwa. Baldr, kipenzi cha miungu, aliuawa kwa mmea mdogo uotao juu ya miti mingine, ambao Loki aliutia mkononi mwa Höðr kipofu. Hel, mtawala wa wafu, alikubali kumrudisha marehemu kwa sharti kwamba kila kitu duniani kimlilie. Vyote vikalia, hata mawe na madini, isipokuwa jitu jike mmoja aliyejiita Þökk, na Snorri anaeleza kwamba watu wanadhani huyo alikuwa Loki mwenyewe. Katika masimulizi ya kale ananyima chozi na kwa sababu hiyo mtu haachiwi. Katika katuni anaiba chozi na kuachiwa yeye. Picha hizi mbili zinagusana ukingoni, na ndizo pekee zilizoruhusiwa kuvuka mstari wa katikati.

Julai

Safu ya chini imenichukua muda kuliko nilivyopanga, kwa sababu kila filamu ina mwongozaji wake na Loki wake. Wa Kenneth Branagh mwaka 2011 ni mtoto aliyefichwa asili yake, anayegundua ndani ya ghala la silaha kwamba alichukuliwa kutoka kwa maadui wa babaye mlezi. Wa Joss Whedon mwaka 2012 ni adui kamili, anayewapigisha watu magoti Stuttgart na kuleta jeshi juu ya New York. Nimemchora huyo kwa wino mzito na sikumpa nafasi kubwa, kwa maana anajieleza mwenyewe.

Wengi huuona mgeuko wake katika filamu ya Taika Waititi ya mwaka 2017, anaporudi na merikebu kuwaokoa watu wa Asgard, makao ya miungu. Mimi nauona mapema zaidi, katika filamu ya mwaka 2013, ndani ya gereza. Frigga, mama aliyemlea, ameuawa. Thor anakwenda kumwona na kumkuta amesimama wima, nguo zimenyooka na nywele zimechanwa. Thor anamtaka aache viinimacho, na chumba kinabadilika mbele yake: samani zimevunjwa, nywele zimetimka, naye ameketi sakafuni miguu mitupu. Hii ni mara ya kwanza uongo wake kutumika kuficha huzuni badala ya kumlaghai mtu, na tangu hapo mtazamaji hawezi tena kumchukia kwa moyo mmoja.

Picha hiyo nimeichora tabaka mbili. Loki nadhifu yuko juu ya karatasi angavu ya kunakilia, iliyogundishwa ukingo wa juu pekee. Loki wa kweli yuko kwenye karatasi nzito chini yake. Ukiinua ile ya juu kwa kidole, mistari ya mabega inabaki pale pale ilipokuwa ila mwili wote umeporomoka. Ilinibidi nitumie penseli ngumu kwa tabaka la chini ili weusi wake usipenye na kuonekana kabla ya wakati.

Waliokuzwa na hadithi za Sungura wanajua kwamba mjanja halazimiki kutubu ndipo tuendelee kumsikiliza. Anashinda, anashindwa, na kesho ana kisa kingine. Masimulizi ya Skandinavia nayo yalimvumilia Loki hivyo kwa muda mrefu. Filamu za mashujaa haziwezi, kwa sababu zinafuatana mwaka baada ya mwaka na zinamdai kila mhusika hesabu ya matendo yake.

Septemba

Picha za mwisho ndizo nilizozingoja tangu mwanzo. Juu, miungu wamemfunga Loki juu ya mawe matatu kwa matumbo ya mwanawe, na Skaði, mungu wa kike, ametundika nyoka anayedondosha sumu usoni pake. Sigyn, mkewe, anaikinga kwa bakuli. Likijaa anakwenda kulimwaga, tone linamfikia mumewe, na mtikisiko wake ndio tetemeko la ardhi. Atabaki hapo hadi Ragnarök, vita vya mwisho wa dunia, atakapofunguka na kwenda kupigana na Heimdall, nao wauane. Chini, Loki wa tamthilia anatoka peke yake kwenye nyuzi za wakati zinazokufa, anazikamata kwa mikono, anaketi kwenye kiti cha enzi ili azishike milele, na nyuzi zinajipanga kwa umbo la mti, kama Yggdrasil, mti mkuu unaoubeba ulimwengu katika masimulizi ya kale. Katuni zilimtoa ndani ya mti mwaka 1962. Tamthilia imemrudisha ndani ya mti kwa hiari yake.

Nilianza na mikono, iliyofungwa juu na inayoshika chini, nikaiweka kwenye mstari mmoja wa wima, kisha nikajenga miili kuizunguka. Kuziweka picha hizi jirani kumenionyesha pia hasara ambayo sikuwahi kuifikiria nilipokuwa nikitazama tu. Loki wa filamu amepewa heshima ambayo wa kale hakuipata, lakini amenyang'anywa jamaa: Sigyn hayupo, hana wana, na Sleipnir, farasi wa miguu minane ambaye Loki wa kale mwenyewe alimzaa baada ya kujigeuza farasi jike, anaonekana kama farasi wa Odin tu. Mwenye hatia ana mtu wa kumkingia sumu, na mwokozi hana wa kumpa maji.

Nimeamua kumwongeza Sylvie, Loki wa kike wa tamthilia hiyo, ukingoni mwa picha ya chini, mlangoni, akimtazama Loki akienda, kwa sababu ndivyo tamthilia yenyewe ilivyomweka na kwa sababu bila yeye ukubwa wa bakuli la Sigyn hauna cha kulinganishwa nacho. Kilichobaki ni kumtia wino, kukoleza weusi wa Ragnarök, na kutafuta ukuta wenye urefu wa kutosha.