Shaka inayowaandama waendesha baiskeli
Mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda yanapofika Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka wetu hapa Goma, vijana huniuliza kama washindi wanatumia dawa zilizokatazwa za kuongeza nguvu. Swali hilo linaniuma tangu mwaka 2012, mwendeshaji Mmarekani Lance Armstrong aliponyang'anywa mataji yake 7 ya Tour de France kwa kutumia dawa hizo, kwa maana nilikuwa nimemwamini kwa moyo wote. EPO, dawa iliyotia doa zama zile, huongeza chembe nyekundu za damu ili misuli ipate oksijeni zaidi; ndiyo sababu tangu 2008 ipo pasipoti ya kibiolojia, inayolinganisha damu ya mwendeshaji na vipimo vyake mwenyewe vya awali. Hata hivyo, nakataa kumhukumu mtu kwa kasi yake mlimani peke yake.