Roboti wa bati aliyepiga hatua bila kwenda

Mwezi uliopita nilinunua roboti wa kuchezea wa Kijapani katika soko la vitu vikuukuu hapa Nottingham, Uingereza, kwa bei ambayo watu hutoa kwa kitu kilichokwisha kufa. Muuzaji alikuwa amembandika karatasi iliyosema kwamba hafanyi kazi. Ana urefu wa karibu sentimita 30, mwili wake ni wa bati lililochapwa rangi, na ana herufi SH, ambazo ni alama ya kampuni ya Horikawa ya Tokyo. Wale wanaowafahamu roboti wa aina hii wanajua anachotakiwa kufanya: hutembea hatua chache, husimama, milango miwili ya kifuani hufunguka na bunduki zilizofichwa ndani huwaka na kulia huku kiwiliwili kikizunguka mzunguko mzima, kisha milango hujifunga na safari huendelea. Kazi yote hiyo hufanywa na mota moja na betri mbili kubwa, na ndiyo sababu ninawapenda roboti hawa. Ndani hamna saketi ya kielektroniki hata moja. Akili yake yote imo katika giya.

Nimetengeneza roboti wa namna hii kwa miaka kadhaa sasa, na jambo ninaloliamini kuliko yote ni kwamba wengi wanaouzwa kama wafu hawajafa. Wanaouawa huuawa na fundi mwenye haraka ya kuwafungua. Mwili wa bati haukufungwa kwa skrubu, bali kwa ndimi ndogo za bati zilizopenyezwa katika mianya na kukunjwa upande wa pili. Kila unapoukunjua na kuukunja ulimi huo, bati huchoka, na mara ya tatu au ya nne hukatika. Ukikatika, hakuna namna ya kuurudisha bila kulehemu, na moto wa kulehemu huunguza rangi iliyo jirani. Kwa hiyo roboti ana idadi ya kufunguliwa katika maisha yake, nawe hujui waliokutangulia wametumia ngapi.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Tanga, na nilipokuwa mdogo nilikaa naye kibandani wakati wa likizo. Redio ikiletwa haisemi, hakushika bisibisi kwanza. Alifungua kifuniko cha betri, akanusa, akapitisha kidole kwenye springi, ndipo akamwuliza mwenye redio maswali. Zama zile betri za National zilikuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, katika kiwanda ambacho Wajapani wa Matsushita walikianzisha miaka ya 1960, na kila nyumba ilizianika juani juu ya bati au ukutani ili zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Betri iliyoanikwa mara nyingi mwishowe huvuja, kwa sababu kopo lake la zinki ndilo linaloliwa wakati betri inatoa umeme, hata likatoboka. Redio nyingi zilizoletwa kwa mjomba hazikuwa na ugonjwa mwingine ila huo. Betri za redio zile ni za umbo lilelile analotumia roboti wangu, na ugonjwa ni uleule.

Nilipofungua sanduku la betri la roboti, springi ilikuwa imevaa ganda jeupe lenye kijani pembeni, na kipande cha bati kilicho mkabala nayo kilikuwa cheusi. Hapa inafaa kujua ni betri ya namna gani iliyovuja, maana dawa zake hupingana. Betri za zamani za zinki na kaboni huacha uchafu wenye asidi, nao huoshwa kwa soda ya kuokea iliyokorogwa katika maji kidogo. Betri za alkali huacha uchafu ulio kinyume cha asidi, nao huoshwa kwa siki au ndimu. Usipojua ni ipi, weka tone dogo la siki kwenye ganda: likichemka na kutoa mapovu, ujue ni la alkali. Langu lilichemka. Nilitumia pamba iliyozungushiwa kijiti, nikalowesha kidogo, nikasugua, nikafuta kwa maji safi kidogo sana, kisha nikakausha papo hapo kwa hewa ya uvuguvugu, kwa kuwa maji yakibaki katika mikunjo ya bati hufanya kutu ambayo hutaiona mpaka itokee upande wenye rangi. Msasa niliutumia mwishoni tena kwa mkono mwepesi, kwa sababu springi hizi zimepakwa madini yanayozuia kutu, na ukiyaondoa yote umenunua kutu mpya.

Watu hudharau usafi wa sehemu hii kwa kuwa mita ya kupimia umeme huwaambia kuna volti 3 na wanaridhika. Lakini mita haivuti umeme wa kutosha kuonyesha tatizo. Tuseme ganda lile limeacha ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 2 tu, na mota inataka nusu ampea ili itembeze roboti. Nusu mara mbili ni moja: volti nzima imepotea palepale kwenye springi, na mota imebakiwa na mbili. Roboti mzima atajikokota, na roboti mwenye grisi iliyoganda hatanyanyuka kabisa. Kwa hiyo mimi hupima wakati mota inajaribu kufanya kazi, huku ncha moja ya mita ikigusa betri yenyewe na nyingine ikigusa waya unaoelekea kwenye swichi. Kipimo kikiwa karibu na sifuri, njia ni safi. Swichi nayo hupimwa vivyo hivyo, kwani ndani yake ni vipande viwili vya shaba vinavyosuguana, na kuisukuma mbele na nyuma mara 20 au 30 mara nyingi hutosha kuisafisha.

Baada ya hapo situmii betri. Natumia chanzo cha umeme cha mezani kilichowekwa volti 3 na kufungwa kisipitishe zaidi ya ampea 1, nikikiunganisha kwa vibanio kwenye ncha za sanduku la betri. Faida yake ni kwamba kinakuonyesha umeme unaotumika, na namba hiyo pamoja na sauti hukuambia karibu kila kitu kabla hujagusa ulimi wowote wa bati. Ikiwa namba ni sifuri na kuna ukimya, njia imekatika mahali fulani: waya, swichi, au brashi za mota, yaani vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Namba ikipanda hadi kikomo na mota ikinguruma bila kuzunguka, kuna kitu kimekwama. Mota ikilia kwa kasi kubwa huku roboti ametulia, giya ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota inateleza. Na ukisikia mgoto mmoja kila baada ya muda uleule, kama mtu anayegonga kucha mezani, giya hiyo ya plastiki imepasuka. Plastiki husinyaa kwa miaka mingi huku chuma cha mhimili hakisinyai, basi hupata ufa, nafasi kati ya meno mawili hupanuka, na jino la giya inayofuata hugonga kila likipita hapo. Kugundisha giya ya nailoni kwa gundi ni kupoteza muda, haishiki. Tafuta nyingine yenye idadi ileile ya meno na kipimo kilekile, ya shaba nyeupe ikiwezekana.

Roboti wangu alipanda mpaka ampea 1 na kunguruma. Nilizima mara moja, kwa sababu mota iliyokwama ikiachwa na umeme huungua nyuzi zake. Hapo sasa kumfungua kulikuwa lazima. Niliziinua ndimi kwa ubapa mwembamba wa chuma, kila moja kiasi cha kupita katika mwanya wake tu, bila kuinyoosha kabisa, na nikaziacha zile ambazo hazikuwa na haja ya kuguswa. Ndani nilikuta alichokifanya mtu fulani zamani: alipuliza mafuta ya kopo kila mahali kwa matumaini kwamba mafuta hutibu kila kitu. Mafuta yale yalichanganyika na grisi ya kiwandani na vumbi, yakageuka kitu cha kahawia kigumu kama nta ya mshumaa, kimejaa katikati ya meno ya giya zote. Yameingia hadi ndani ya mota, ambako hayatakiwi hata tone.

Niliisafisha giya moja baada ya nyingine kwa brashi laini na petroli nyepesi ya viberiti, dirisha likiwa wazi, huku nimezifunika sehemu zote zenye rangi kwa karatasi. Hilo la rangi nalisema kwa uchungu. Rangi ya roboti hawa ilichapwa kwenye bati likiwa bado bapa, kabla halijakatwa na kukunjwa, nayo ni tabaka jembamba mno. Miaka mitano iliyopita nilimpangusa roboti mwingine kwa spiriti ili kuondoa alama ya gundi, na saa za kifuani zilizochorwa zikaja zote kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo sigusi uso wa bati ila kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, nikianzia mahali pasipoonekana.

Mota ilipokuwa huru ilizunguka, lakini si kila mara. Ikisimama katika pembe fulani haikuanza tena mpaka niisukume kwa ncha ya kijiti. Dalili hiyo inajulikana. Mota hizi ndogo za sumaku, ambazo kampuni kama Mabuchi, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1954, zilifanya ziwe rahisi na kuenea duniani kote, zina koili tatu, yaani mafundo ya uzi wa shaba uliozungushwa, zilizounganishwa na vipande vitatu vya shaba, na brashi mbili hupapasa juu yake. Koili moja ikikatika, kuna pembe ambamo mota haina nguvu ya kuanza. Kuthibitisha ni rahisi: pima ukinzani kati ya vipande hivyo viwiliviwili, jozi zote tatu. Zikiwa nzima, namba hulingana. Yangu ilitoa namba mbili zilizolingana na ya tatu iliyokuwa mara mbili yake, na hiyo ndiyo sahihi ya koili iliyokatika, kwa kuwa umeme unalazimika kuzunguka kwa koili mbili nyingine zilizofuatana. Nilitumia kioo cha kukuzia na kuona mahali penyewe: uzi mwembamba kuliko unywele, umeng'oka pale ulipolehemiwa kwenye kipande cha shaba. Ulibaki na urefu wa kama milimita 3 tu. Niliukwangua varnishi yake kwa wembe, nikaulehemu tena kwa tone dogo la risasi ya kulehemia, nikapima, na namba tatu zikalingana. Nadhani nilikaa dakika nzima nikiitazama mita ile.

Nilisafisha shaba na brashi kwa spiriti, nikatia tone moja la mafuta kwenye kila mwisho wa mhimili, nikapaka grisi ya kisasa kidogo sana kwenye meno ya giya, na nikamjaribu kabla ya kuzikunja ndimi. Ampea zilishuka hadi karibu 0.4. Milango ilifunguka, balbu moja iliwaka, kiwiliwili kikazunguka. Kisha nikamweka sakafuni naye akapiga hatua vizuri kabisa, kulia, kushoto, kulia, bila kusogea hata inchi moja.

Ugonjwa huu huwachanganya wengi, nao huanza kufungua upya mwili uliokwisha kutengenezwa. Roboti wa aina hii hanyanyui miguu, huiburuza kwa zamu. Chini ya kila mguu kuna gurudumu dogo lenye kizuizi, mfano wa friwili ya baiskeli: linaruhusu mguu kwenda mbele na kuukatalia kurudi nyuma. Mguu mmoja ukishika sakafu, mwingine unasonga, na hivyo mwili mzima unasogea. Magurudumu yakizunguka ovyo pande zote mbili, miguu huteleza mbele na nyuma kwa kiasi kilekile na roboti hafiki popote. Nilimlaza chali na kutazama kwa tochi. Ekseli zilikuwa zimezongwa nywele na nyuzi za zulia, nyuzi nyekundu hasa, zimekazwa kama bandeji, na vile vizuizi viwili vilikuwa vimenasa ndani yake vimeinuliwa juu. Niliwaza juu ya chumba chenye zulia jekundu na mtoto aliyelala kifudifudi akimtazama akitembea, labda miaka 50 iliyopita. Nilizivuta nyuzi hizo moja moja kwa koleo nyembamba kwa muda wa saa nzima, maana kuzikata kwa kisu kungekwaruza mpira wa gurudumu. Kizuizi cha kwanza kilipoanguka mahali pake kilitoa mlio mdogo, tik, na cha pili baadaye kikafanya hivyohivyo.

Sasa anavuka meza ya jikoni kwa hatua zake fupi, anasimama, anazunguka, anaendelea. Betri nazitoa kila nimalizapo. Ndimi zote zimekunjwa isipokuwa mbili za mgongoni, ambazo nimeziacha zimesimama kwa kuwa balbu ya bunduki ya kushoto bado haijawaka. Ni ya volti 2.5 yenye shingo ya kuzungusha, nimeiagiza, na ikifika nitaipitisha hapo mgongoni kabla ya kuzikunja kwa mara ya mwisho.