Mikono ya mama muuza samaki

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, ndo natoka parokiani saa hizi.

Leo wanakarismatiki, sisi Wakatoliki wa vuguvugu la kusali kwa nguvu ya Roho Mtakatifu, tumefunga semina ya Maisha katika Roho, wiki saba zimeisha hivi hivi, na hili vuguvugu lilianza Marekani mwaka 1967 kwenye mafungo ya wanafunzi wa chuo, walei kama sisi, yaani si mapadre wala watawa.

Saa ya kuombewa nikapiga magoti, mama mmoja anayeuza samaki sokoni akaniwekea mikono kichwani. Mikono migumu, inanukia ndimu, nadhani alijisugua kutoa shombo.

Hakupaza sauti, alirudia tu jina langu, jina langu, na mimi tangu baba afariki sijawahi kulia.

Nimelia mpaka kanga yake imelowa.

Mliokuwepo, nyie ilikuwaje? Niandikieni hapa.